Mkato Mmoja, Mashua Mbili: Uchambuzi wa Barua Pepe ya Afisi ya Utalii

Barua pepe hii iliandikwa Mji Mkongwe, Zanzibar, katika afisi ndogo ya kutembeza wageni, ikatumwa kwa wakala wa Uingereza anayeiletea afisi hiyo wateja. Naiweka kama ilivyokwenda, bila kurekebisha kitu:

"Dear Sir, thank you for the email which you sent it yesterday. The guests, who have paid the deposit, will go to Prison Island on Thursday morning. Please tell me what time will they leave Nungwi, because the hotel which they stay is far. I received the news which one family changed their flight. The lady who her bag was lost at the airport can come to our office. The driver will explain to you the thing what I said."

Mwalimu wa Kiingereza akipewa karatasi hii na kalamu nyekundu hatakosa la kufanya. Atazungushia "sent it". Atakata "will they leave". Atapiga mstari chini ya "who her bag", na pengine ataandika pembeni neno la kukata tamaa. Akifika sentensi ya pili atapumua, ataipa alama ya vyema na kuendelea mbele. Ni sentensi safi. Kiima kipo, kitenzi kipo, nyakati zimekaa sawa, na hata mikato imewekwa miwili kama inavyotakiwa, mmoja wa kufungua na mmoja wa kufunga.

Sentensi hiyo safi ndiyo iliyoigharimu afisi mashua ya pili. Zile nyingine zote, pamoja na ubovu wake, wakala alizielewa vizuri, na hakuna aliyepoteza hata shilingi kwa sababu yake.

Alhamisi asubuhi, Forodhani

Wageni walikuwa 14, wote wamefikia Nungwi. Tisa walikuwa wameshatoa arbuni ya safari ya Changuu, kisiwa ambacho kwenye matangazo ya utalii huitwa Prison Island. Watano walisema watalipa baadaye. Mwenye afisi alitaka wale tisa wapelekwe Alhamisi, na watano wapangiwe siku nyengine wakishalipa. Kijana wa afisini akaambiwa amwandikie wakala, naye akaandika.

Wakala hakuwa na orodha ya malipo, kwani wageni hulipa moja kwa moja afisini. Alisoma "The guests, who have paid the deposit, will go", akaelewa kama Mwingereza yeyote angeelewa: wageni wote wameshalipa na wote watakwenda. Akawaarifu wote wajitayarishe. Siku ilipofika, gari ikashusha watu 14 Forodhani. Ufukweni palikuwa na mashua moja, majaketi tisa ya kuokolea, na nahodha aliyeambiwa abiria ni tisa.

Nahodha alikataa kuzidisha watu, na alifanya jambo la maana. Ikatafutwa mashua ya pili papo hapo, na anayetafuta mashua huku wageni wamesimama juani na watoto hana nafasi ya kupatana bei. Wale watano walilipa nauli waliyoambiwa tangu mwanzo, wakakataa kuongeza. Kilichozidi kikaiangukia afisi.

Mwenye afisi akasema kijana akatwe mshahara. Kijana akasema ameandika alichoambiwa, neno kwa neno. Wakala akasema, someni barua yenu. Kijana husoma Kiingereza kwangu jioni, ndiyo sababu suala likanifikia. Alinipa simu akasema: "Maalim, nionyeshe nilipokosea. Nimeandika who have paid. Sasa hao wasiolipa wameingiaje?"

Kishazi kinachochagua na kishazi kinachoongeza

Kishazi rejeshi cha Kiingereza, kile kinachoanza na who, which au that na kuieleza nomino iliyokitangulia, kina kazi mbili ambazo hazifanani hata kidogo. Ya kwanza ni kuchagua. Kuna kundi, na kishazi kinatenga baadhi yake. "The guests who have paid the deposit will go" maana yake wako waliolipa na wako wasiolipa, na wanaokwenda ni waliolipa. Kazi ya pili ni kuongeza. Anayezungumziwa ameshajulikana, na kishazi kinatia maelezo ya pembeni ambayo ukiyafuta hakuna atakayepotea. "The guests, who have paid the deposit, will go": wageni wetu, hao hao unaowajua, watakwenda, na kwa taarifa yako, wameshalipa.

Maneno ni yale yale na yamepangwa vile vile. Tofauti yote imebebwa na mikato. Kwenye mazungumzo ungeisikia, kwa sababu Mwingereza anapoongeza habari hutua kidogo, akashusha sauti, kisha akarudi kwenye sentensi yake. Anapochagua hatui. Kwenye maandishi sauti haipo, ulipo ni mkato.

Kumjibu kijana nilimwambia afanye jambo moja tu: afute yote yaliyo baina ya mikato miwili na asome kilichobaki. Ikabaki "The guests will go to Prison Island on Thursday morning." Akaitazama simu kwa muda. Hiyo ndiyo barua aliyoipokea wakala. Wageni watakwenda. Wote.

Changuu kwenyewe kuna mfano ninaoupenda. Mwaka 1919 kisiwa kililetewa kobe wanne wakubwa kutoka Shelisheli, zawadi ya gavana wa Kiingereza wa huko. Ukiandika "The tortoises which were brought in 1919 were four", umechagua: katika kobe wote waliowahi kuishi pale, wale walioletwa mwaka ule walikuwa wanne. Ni kweli. Ukiandika "The tortoises, which were brought in 1919, like to eat leaves", umedai kwamba kila kobe aliyepo kisiwani aliletwa mwaka 1919, pamoja na wale wadogo walioanguliwa juzi. Hukukosea herufi, hukukosea kitenzi, lakini umemdanganya mgeni wako, na usishangae akikuuliza mbona yule ni mdogo kuliko kiatu chake.

Mkato ukikosekana panapotakiwa, nako kuna taabu. Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, ni moja tu duniani. Huwezi kuichagua kutoka kwenye kundi la Beit al-Ajaib nyingi, kwa hiyo kishazi chochote kinachoifuata ni cha kuongeza na mikato ni lazima: "Beit al-Ajaib, which was built in 1883, faces the sea." Majina ya watu na ya pahala huenda hivyo karibu siku zote.

Neno that lina msimamo wake. Kazi ya kuongeza halifanyi. "The boat that we hired" ni sawa. "Beit al-Ajaib, that was built in 1883" si sawa. Wamarekani wengi, khasa wahariri, hupenda that ichague na which iongeze, kila moja na kazi yake. Waingereza hawajali sana, na which kwao huchagua pia. Skuli zetu zimefuata Uingereza, kwa hiyo mwanafunzi wa hapa hukutana na which ya namna zote mbili na hubaki na mkato peke yake wa kumwongoza. Mkato wenyewe hakuna aliyemfundisha kuutazama. Amefundishwa kutaja jina la kishazi na kukipigia mstari, basi.

Mkato ulikotoka

Nilidhani kijana ameweka mikato kwa kubahatisha. Sivyo. Alinionyesha ujumbe wa mwenye afisi, na huu hapa: "Mwandikie kuwa wageni, ambao wameshalipa, watakwenda Changuu Alhamisi asubuhi." Mikato miwili, pale pale. Kijana aliihamisha pamoja na maneno.

Kwa nini mwenye afisi, mtu aliyezaliwa na Kiswahili mdomoni, aliiweka? Naona sababu iko kwenye sarufi yetu. Alitaka kusema kwamba kulipa kumekamilika, kwa hiyo akataka -me-. Lakini -me- haikubali kirejeshi (silabi kama -o- au -ye-, inayofanya kazi ya who na which) ndani ya kitenzi. Tunasema "waliolipa", "wanaolipa", "watakaolipa", "wasiolipa". Pakiingia -me- inabidi tukimbilie "ambao wamelipa". Na amba- ni neno linalojitegemea. Mtu akilifikia huvuta pumzi kabla yake, na wengi wetu kila tukivuta pumzi tunaweka mkato. Angeandika "wageni waliolipa watakwenda", mkato usingepata hata pa kukaa.

Hilo halina maana kwamba kirejeshi cha ndani ya kitenzi huchagua siku zote. "Sultani Barghash aliyejenga Beit al-Ajaib" hakuna anayechaguliwa hapo. Habari inaongezwa tu. Kwa Kiswahili anayeamua ni msikilizaji na anachokijua. Anajua Barghash ni mmoja, kwa hiyo ni kuongeza. Anajua wageni wengine hawajalipa, kwa hiyo ni kuchagua. Mle afisini kila mtu alijua nani amelipa na nani hajalipa, na ujumbe wa mwenye afisi usingempotosha yeyote, uwe na mikato ama usiwe nayo. Wakala hakuwemo afisini. Alichokuwa nacho ni mikato, na kwa lugha yake mikato inasema.

Kiswahili kina shimo lake pia, na ni haki kulitaja. "Mgeni aliyemwona dereva" ni nani aliyemwona mwenziwe? Mgeni alimwona dereva, au dereva alimwona mgeni? Yote mawili yanakubalika, na ukiwa polisi unaandika taarifa ya ajali itabidi uulize tena. Kiingereza hapo hakina shaka: "the guest who saw the driver" ni mgeni aliyeona, "the guest the driver saw" ni mgeni aliyeonwa. Kwao mpangilio wa maneno ndio unaoamua.

Sentensi nyengine, na pengo

Kosa la kwanza, "the email which you sent it", ni la kila darasa ninalosomesha. Limetoka moja kwa moja kwenye "barua pepe uliyoituma". Vunja kitenzi hicho: u-li-yo-i-tuma. Barua imetajwa mara mbili ndani yake, kwa -yo- na kwa -i-, na Kiswahili kinaona raha. Kiingereza hakitaki. Kishazi rejeshi cha Kiingereza lazima kiwe na pengo, mahali ambapo nomino ingekaa lau sentensi ingekuwa ya kawaida. "You sent the email yesterday": ukiitoa "the email" ukaipeleka mbele, nyuma pabaki patupu. "The email which you sent yesterday." Mtu aliyehamia chumba cha mbele hawezi kuonekana bado amelala chumba cha nyuma.

Pengo likiwa la shamirisho, yaani la kinachotendewa, hata which yenyewe unaweza kuiacha: "the email you sent yesterday". Likiwa la kiima huwezi. "The man came yesterday is my uncle" haisimami, pahitajika who. Mwanafunzi akishasikia kwamba who na which huachwa, hufurahi akaziacha kila pahala, kwa hiyo sheria hii huifundisha baada ya pengo kukaa vichwani.

"The hotel which they stay" ina pengo, lakini pengo limeng'olewa pamoja na kitu kingine. Irudishe kwenye sentensi ya kawaida: huwezi kusema "they stay the hotel", husema "they stay at the hotel". Hiyo at imepotelea njiani. Ilitakiwa "the hotel they are staying at", au kwa lugha ya kiafisi zaidi "the hotel at which they are staying", au kwa wepesi kabisa "the hotel where they are staying". Kiswahili kinasaidia hapa kwa namna ambayo wanafunzi hawaitumii. Jiulize kama ungeweza kusema "wanakokaa", "wanapokaa" au "wanamokaa". Ikiwa -ko, -po au -mo inaingia bila tabu, where inaingia pia.

"The lady who her bag was lost" ni "bibi ambaye mkoba wake umepotea". Kiingereza kimelifunga neno la mtu na neno la umiliki pamoja likawa whose: "the lady whose bag was lost". Hakuna zaidi ya kueleza. Ni la kushika.

Habari kwamba, habari ambayo

Sentensi ya "the news which one family changed their flight" ni ya aina nyengine, na ndiyo iliyotuchukulia muda mrefu.

Tafuta pengo. "One family changed their flight." Kiima kipo, kitenzi kipo, shamirisho lipo. Hakuna palipo wazi. Kama hakuna pengo, hicho si kishazi rejeshi, na which haina kazi pale. Ni kishazi nomino, nacho kinataja habari yenyewe ni ipi. Ilitakiwa "the news that one family had changed their flight".

Kijana akauliza swali ambalo ndilo hasa la kuulizwa: "Lakini Maalim, umesema that na which ni sawa zikiwa zinachagua. Kwa nini hapa si sawa?"

Kwa sababu that ni maneno mawili yaliyovaa kanzu moja. Iko that ya kirejeshi, ile yenye pengo, ambayo inaweza kubadilishana na which. Na iko that ya kiunganishi, isiyo na pengo, ambayo kazi yake ni kufungua mlango wa kauli nzima. Anayezungumza Kiswahili ana bahati ambayo Mwingereza hana, kwani kwetu zimetengana kabisa. Ya kwanza ni amba- au kirejeshi cha ndani ya kitenzi. Ya pili ni kwamba, au kuwa. "Habari aliyoileta dereva": kirejeshi. "Habari kwamba familia moja imebadili ndege": kiunganishi. Hakuna mtoto wa Unguja wala wa Pemba atakayesema "habari ambayo familia moja imebadili ndege" na asishtuke mwenyewe.

Tukapima kwa tukio ambalo mji mzima unalikumbuka. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka. "The news that part of the building had collapsed shocked us": ukisema kwa Kiswahili inakuja kwamba, na baada ya that kauli imekamilika, kwa hiyo ni kishazi nomino na which hairuhusiwi. "The news that the guide gave us was incomplete": inakuja "aliyotupa", na baada ya gave us pana pengo, kwa hiyo ni rejeshi na which ingekubalika. Nomino nyengine zenye tabia hii ni fact, idea, belief, hope, rumour na promise. Hiyo ya mwisho ni mtego mzuri wa mtihani: "the promise that he made" na "the promise that he would come" zinaonekana ndugu, lakini ya kwanza ni ahadi aliyoitoa na ya pili ni ahadi kwamba atakuja.

Kishazi nomino hufanya kazi yoyote ya nomino. Huwa kiima, huwa shamirisho, hukaa baada ya is. Kukijua, kiondoe chote uweke it au something, na sentensi itasimama. "Please tell me what time they will leave" hugeuka "Please tell me something." Imesimama. Kishazi rejeshi hakikubali mchezo huo: "the email something" ni upuuzi.

Kuhusu "tell me what time will they leave", nataka kukitetea Kiswahili, kwa sababu walimu hukisingizia. Kosa hili halikutoka kwetu. Sisi tunasema "wataondoka saa ngapi?" na tunasema "niambie wataondoka saa ngapi", hatugeuzi kitu. Limetoka kwenye Kiingereza cha skuli. Mwanafunzi amekaririshwa "What time will they leave?" mpaka imekuwa tofali moja, na anapohitaji kuliingiza ndani ya sentensi kubwa hulichukua zima bila kulifungua. Swali likiwa limesimama peke yake, kitenzi kisaidizi hutangulia kiima. Likishakuwa kishazi nomino limeacha kuwa swali, na maneno hurudi kwenye mpangilio wa kawaida: they will leave. Na alama ya kuuliza huondoka.

"The thing what I said" ina nomino mbili kwenye kiti cha mmoja. Neno what, likitumika hivi, limeshambeba "the thing" tumboni, sawa na -cho- katika "nilichosema", ambamo kitu hakitajwi lakini kimo. Chagua: "what I said", au "the thing that I said". Mafundi wa mitaani hutania kwa Kiingereza cha namna hii na wageni hucheka nao, lakini kwenye barua ya kazi inachosha.

Malalamiko ya wakala

Baada ya Alhamisi wakala aliandika mistari michache. Mmoja ulisema: "Your boat had nine seats, which was embarrassing in front of the children." Kijana alikasirishwa nao kuliko yote. Aliona wakala ameitukana mashua: viti tisa vinavyotia aibu. Alikuwa tayari kumjibu kwamba viti vimepakwa rangi mwezi uliopita.

Which hiyo hairejelei viti. Inarejelea kauli nzima iliyoitangulia, yaani kule kuwa mashua ina nafasi tisa wakati watu ni 14. Alama mbili zinaonyesha: mkato umetangulia, na kitenzi ni was, cha umoja, ilhali seats ni wingi. Kiswahili kisingekubali kuliacha hivyo hewani. Kingetaka nomino ya kushikia, "jambo ambalo lilitutia aibu", "kitu kilichotutia aibu". Kiingereza hutumia which tupu na kumwachia msomaji akamate. Kijana akafuta jibu lake la rangi.

Nani alipe

Mwenye afisi alikuja mwenyewe kuniuliza, tukakaa barazani. Kwa sarufi ya Kiingereza wakala yuko sawa, na nilimwambia hivyo bila kuzunguka. Barua ilisema wote wamelipa na wote watakwenda. Kisha nikamwonyesha ujumbe wake mwenyewe na ile mikato miwili. Aliusoma, akasema: "Lakini mimi nilijua nani amelipa." Nikamjibu kwamba yeye alijua, na kijana alijua, na barua haikwenda kwao. Hakusema neno la mshahara tena. Gharama ya mashua ya pili akaichukua yeye, na nadhani ndivyo ilivyostahiki, ingawa kijana naye hakuwa amekatazwa kufikiri.

Lakini nilipinga pale mwenye afisi alipotaka dawa iwe "kuwa makini na mikato". Sarufi ni hiyo na mkato ni halali, ila watu husoma barua za kazi kwenye simu, garini, mkono mmoja umeshika kikombe, na mkato ni kitu kidogo cha kukikabidhi safari ya watu 14. Nikamwandikia namna mbili. "Only the guests who have paid the deposit will go to Prison Island on Thursday": hiyo only inamwambia msomaji waziwazi kwamba si wote wanaokwenda. Au bora zaidi, kwa namba: "Nine of the fourteen guests have paid. Those nine will go on Thursday."

Kijana hakuipenda ya namba. Aliona kama inawaanika wale watano. Akaleta yake: "Those who have paid the deposit will go on Thursday, and those who have not paid can go on another day." Ni nzuri kuliko zangu. "Those who" huchagua kwa asili yake, kwani those peke yake haimtaji mtu yeyote mpaka kishazi kifike, kwa hiyo hakuna mwandishi atakayeona haja ya kuweka mkato katikati. Tena imewataja wa pande zote mbili bila kumtia mtu aibu.

Barua ya kundi lililofuata ilikwenda hivyo. Wakala alijibu siku ile ile, akashukuru, na akaomba atumiwe majina ya hao waliolipa.